Koala na popo: Mti mmoja, hukumu mbili

Kila mwaka tunapofika kwenye somo la vyakula vya halali na haramu, kuna swali ambalo silikosi darasani. Mwanafunzi hunyoosha mkono na kuuliza: "Ustadhi, popo ni ndege au ni mnyama?" Wenzake hucheka, lakini swali lenyewe ni zito kuliko wanavyodhani. Wapo watu wazima wenye wajukuu ambao mpaka leo wanaamini kuwa popo ni kiumbe asiye na kwao: ndege wamemkataa, wanyama wamemkataa, ndiyo maana akaamua kutembea usiku kwa aibu. Wengine humhesabu pamoja na bundi katika mambo ya uchawi, na akionekana kwenye mwembe wa nyumbani mawe huanza kurushwa kabla ya jina la mtu aliyemtuma kutajwa.

Wanazuoni wa zamani hawakuwa na shaka hiyo. Sheikh Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama kiitwacho Hayat al-Hayawan. Humo alieleza kuwa popo si ndege kwa maana halisi, kwani ana masikio, ana meno, ananyonyesha mwanawe, na hana manyoya ya ndege. Hivyo basi, jambo ambalo vijana wetu hudhani limegunduliwa juzi na walimu wa baiolojia lilikwisha andikwa kwa Kiarabu zaidi ya miaka 600 iliyopita. Hukumu ya kumla popo ina mahali pake katika vitabu vya fiqhi na wenye kutaka wataikuta huko. Leo nazungumzia kumjua.

Na njia nyepesi ya kumjua kiumbe ni kumweka karibu na kiumbe mwingine. Kwa hiyo naomba msomaji twende mbali kidogo, mashariki mwa Australia, kwa sababu kule kuna wanyama wawili wanaoishi kwa kutegemea mti wa aina moja, mmoja akipendwa na dunia nzima na mwingine akifukuzwa. Wa kwanza ni koala. Wa pili ni popo mkubwa mwenye kichwa cha kijivu, ambaye Wazungu walimpa jina la mbweha arukaye kwa sababu uso wake una pua ndefu na macho makubwa kama ya mbweha mdogo. Mti wenyewe tunaujua. Ni mkaratusi, uleule tunaoupanda kwa ajili ya nguzo na kuni, na ambao majani yake wazee hutufukizia tukishikwa na mafua. Asili ya karibu mikaratusi yote ni Australia, na huko ipo ya aina zaidi ya 700.

Tuanze na koala. Watu wengi humwita dubu, na wapo walioandika hivyo hata vitabuni, lakini hana undugu wowote na dubu. Yeye yuko katika kundi la wanyama wenye mfuko, kundi moja na kangaruu. Wanyama wa kundi hili hubeba mimba kwa muda mfupi mno. Koala hubeba kwa siku 35 hivi, kisha huzaa kitoto chenye ukubwa wa punje ya haragwe na uzito usiofika gramu moja. Kitoto hicho hakina manyoya, hakioni wala hakisikii. Pamoja na hayo, hujikokota chenyewe kwenye manyoya ya tumbo la mama mpaka kikaingia mfukoni, kikashika chuchu, na kukaa humo kiasi cha miezi sita. Mzazi mwenyewe ana uzito wa kilo nne hadi kilo 15 kutegemea jinsia na sehemu anayoishi. Msomaji afikirie mama wa kilo nane anayezaa mtoto asiyefika gramu moja.

Popo ni kinyume chake. Jike la popo huyu wa Australia halifiki kilo moja kwa kawaida, lakini hubeba mimba kwa karibu miezi sita na kuzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, mwenye uzito wa makumi ya gramu. Yaani mama mdogo huzaa mtoto mkubwa mara nyingi kuliko wa yule mama mkubwa! Popo hana mfuko. Chuchu zake ziko karibu na kwapa, na kwa wiki chache za mwanzo mtoto hung'ang'ania hapo huku mama akiruka usiku kwenda kutafuta riziki. Akishakuwa mzito, mama humwacha kambini pamoja na watoto wengine, na alfajiri akirudi humtafuta wake katika maelfu kwa kusikiliza sauti na kunusa. Wanafunzi wangu huwa wanapenda sana habari hii, hasa wasichana. Nami huwauliza kama bado wanamwona popo ni ndege.

Sasa tutazame mikono. Koala ana vidole vitano katika kila mguu wa mbele, lakini viwili kati ya hivyo vimekaa kama gumba, vikikabiliana na vile vitatu. Ni kana kwamba ana magumba mawili katika mkono mmoja. Ndiyo maana hushika tawi kwa nguvu na kulala juu ya mti bila kuanguka. Tena ana alama za vidole zinazofanana na za binadamu kiasi cha kuwashangaza wataalamu wanaozitazama kwa darubini. Popo naye mkono wake ndiyo bawa lake. Gumba limebaki fupi na lina ukucha, nalo hulitumia kupandia na kushikia tunda. Vidole vinne vingine vimerefuka kama mbavu za mwavuli, na katikati yake imetandazwa ngozi nyembamba. Bawa la ndege limeshikwa na unyoya. Bawa la popo limeshikwa na vidole. Mabawa ya huyu wa Australia yakikunjuliwa huzidi mita moja toka ncha hadi ncha.

Ikumbukwe pia kuwa si kila popo hutafuta njia gizani kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Wale wadogo wanaokula wadudu hufanya hivyo. Mapopo wakubwa wa jamii hii ninayoizungumzia hutumia macho na pua. Kwa hiyo ule msemo kuwa popo ni kipofu hauna msingi kabisa.

Lakini tofauti kubwa baina ya hawa wawili iko tumboni, na hapa naomba msomaji awe na subira kidogo kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Jani la mkaratusi ni chakula kibaya. Lina nyuzinyuzi nyingi, protini kidogo, na limejaa mafuta na sumu ambazo mti umepewa ili kujikinga na walaji. Wanyama wengi wakilila wataugua. Koala amepewa ini lenye uwezo mkubwa wa kuzivunja sumu hizo, na utumbo wenye mfuko wa pembeni unaoweza kufika urefu wa mita mbili, ambamo vijidudu huchachusha majani polepole. Chakula chaweza kukaa ndani ya mwili wake kwa siku nyingi. Kwa sababu nguvu anayoipata ni ndogo, hulazimika kuibana: hulala na kupumzika saa 18 hadi 20 kwa siku. Watalii humwona amelala na kusema ana raha. Kwa kweli hana raha yoyote, anabana matumizi kama mtu mwenye mshahara mdogo.

Hata vijidudu hivyo vya tumboni mtoto hazaliwi navyo. Akikaribia kuacha maziwa, mama humtolea kinyesi laini cha aina maalumu, tofauti na kile cha kawaida, na mtoto hukila. Humo ndimo hupata vijidudu vya kumwezesha kula majani. Jambo hili likisikika kwa mara ya kwanza huchukiza, lakini bila hilo mtoto angekufa njaa akiwa amekaa juu ya chakula.

Tena koala ni mchaguzi. Katika mikaratusi ya aina zote hizo 700 na zaidi, anayoitegemea ni michache, na hutofautiana toka sehemu hadi sehemu. Ukimhamisha kutoka msitu mmoja kwenda mwingine unaweza kumwua bila kukusudia. Ni mlaji wa jani, basi. Analoupa mti ni samadi tu.

Popo yeye jani la mkaratusi si shughuli yake kubwa. Anachofuata ni ua. Mikaratusi inapochanua hutoa maji matamu, na popo hutumbukiza uso mzima katika kishada cha maua na kulamba kwa ulimi. Akitoka hapo, manyoya ya uso na kifua yamejaa unga wa chavua. Akienda mti wa pili chavua ile hubaki kwenye maua ya huko, na mti ukashika mbegu. Chakula chake hakikai tumboni. Kwa kawaida hupita katika muda usiofika saa moja. Hii ndiyo sababu anaweza kuruka. Angebeba tumbo la koala asingeinuka tawini.

Usiku mmoja popo huyu anaweza kwenda kilometa kadhaa, na akilazimika hata kilometa 50 kutoka kambini, kisha akarudi. Msimu ukibadilika huhama mamia ya kilometa kufuata misitu inayochanua. Nyuki naye huchavusha mikaratusi, na ndege wapo wengi wanaofanya kazi hiyo, nisije nikamsingizia popo kuwa ndiye peke yake. Lakini nyuki hachukui chavua umbali wa namna hiyo. Na mikaratusi mingi hutoa mbegu dhaifu au chache ikijichavusha yenyewe. Mbegu nzuri hupatikana chavua ikitoka kwa mti mwingine, na bora zaidi usio jirani wa ukoo mmoja. Pale misitu ilipokatwakatwa na kubaki vipande vilivyotengwa na mashamba na barabara, kiumbe anayeweza kuruka juu ya barabara na kuunganisha kipande hiki na kile ni wa thamani kubwa. Aidha, hula matunda ya mikuyu na miti mingine ya msituni na kudondosha mbegu zake njiani, mbali na mti mama.

Kwa maneno mengine, koala hula mti, na popo hupanda mti. Huyu anayekula ndiye kipenzi. Huyu anayepanda ndiye mwizi.

Sitaki msomaji afikiri namchukia koala. Naye yalimpata makubwa. Mwaka 1927 serikali ya jimbo la Queensland iliruhusu awindwe kwa ajili ya ngozi, na katika mwezi mmoja wa Agosti waliuawa karibu 600,000. Ngozi zilisafirishwa nje kutengenezwa makoti. Watu wa Australia wenyewe walikasirika, magazeti yakaandika, na uwindaji wa namna ile haukuruhusiwa tena. Kuanzia hapo mambo yaligeuka, na mnyama aliyekuwa koti akawa nembo ya nchi. Sababu ya mapenzi hayo kwa kiasi kikubwa ni uso wake: kichwa cha duara, macho yanayotazama mbele, pua kubwa, na hana mkia wa kuonekana. Anafanana na mtoto mchanga. Wanasesere wake huuzwa dunia nzima.

Popo hakupata uso wa kumwokoa. Wakulima wa matunda walilalamika juu yake tangu zamani, na kwa miaka mingi alipigwa risasi kwa maelfu. Mwaka 1929 aliletwa mwanabiolojia kijana kutoka Uingereza, Francis Ratcliffe, kazi yake ikiwa kuchunguza hasara inayoletwa na popo katika mashamba ya matunda na jinsi ya kumdhibiti. Alizunguka sana, akaishi na watu wa mashambani, na ripoti yake ya mwaka 1931 ikasema kuwa hasara kwa jumla ni ndogo kuliko ilivyokuwa ikidaiwa. Napenda kumtaja mtu huyu kwa sababu aliitwa aje atie saini hukumu iliyokwisha kutolewa, naye akataka kwanza kuona ushahidi. Hata hivyo risasi hazikukoma kwa ajili ya ripoti yake.

Kwa upande wa sheria, popo huyu aliwekwa katika orodha ya taifa ya wanyama walio hatarini mwaka 2001. Pamoja na hayo, mwaka 2003 alifukuzwa kwa kelele kutoka bustani ya mimea ya Melbourne, na mwaka 2012 kutoka ile ya Sydney, kwa kuwa kambi yake ilikuwa ikiua miti ya thamani. Madai hayo yalikuwa ya kweli. Popo elfu kadhaa wakining'inia mahali pamoja kila siku huvunja matawi na kukwangua majani, na harufu yao jirani haivumilii. Lakini tujiulize kwa nini wamekuja mjini. Misitu waliyokuwa wakiitegemea, hasa ile inayochanua wakati wa baridi, imefyekwa kwa mashamba na nyumba, ilhali mjini kuna miti iliyopandwa, inamwagiliwa na ina maua mwaka mzima.

Jingine la kweli ni maradhi. Mwaka 1994, katika kitongoji cha Hendra mjini Brisbane, farasi kadhaa walikufa ghafla pamoja na mtu aliyekuwa akiwatunza. Uchunguzi ulionyesha kirusi kipya kilichopewa jina la kitongoji hicho, na baadaye ikabainika kuwa kinaishi ndani ya mapopo hawa wakubwa, hasa yule mweusi, bila kuwaua. Kutoka kwa popo kinakwenda kwa farasi, na kutoka kwa farasi kwa binadamu. Kati ya mwaka 1994 na 2009 waliambukizwa watu saba, wakafariki wanne. Haya si mambo ya kuyafunika ili popo apendeze. Ndiyo maana popaye kuumbwa kwake kulivyo, haguswi kwa mkono mtupu, akiwa mzima au mfu, huko kwao na hapa kwetu. Na aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Ila kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 2022 mwanaikolojia Peggy Eby na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kufuatilia mapopo na kirusi hicho kwa miaka 25. Walikuta kuwa farasi huambukizwa zaidi pale popo wanapokosa maua ya msituni wakati wa baridi. Wakiwa na njaa hugawanyika makundi madogomadogo, huhamia karibu na mashamba na mabanda, hula chochote, na hutoa kirusi kwa wingi. Lakini katika vipindi vya baridi ambavyo misitu iliyobaki ilichanua sana, popo waliondoka kwenda huko na maambukizi kwa farasi hayakuonekana. Kwa lugha nyepesi, aliyekata mkaratusi wa msituni ndiye aliyemleta popo bandani. Kisha akamlaumu popo.

Kuna jambo moja ambalo limewasawazisha koala na popo bila kujali nani ana sura nzuri, nalo ni joto. Koala wakati wa joto kali hushuka chini kidogo na kulikumbatia shina la mti kwa tumbo na mikono. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni mkao tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mashina hayo huwa na ubaridi kuliko hewa kwa digrii kadhaa, naye hutoa joto la mwili wake humo bila kupoteza maji. Popo hana shina la kukumbatia. Hujipepea kwa mabawa, husogea kivulini, hutweta, mwisho hujipaka mate mwilini. Joto likipita nyuzi 42 huanza kudondoka. Tarehe 12 Januari 2002 walikufa zaidi ya 3,500 katika jimbo la New South Wales kwa siku moja. Mwezi Januari mwaka 2014, kusini mashariki mwa Queensland, walikufa zaidi ya 45,000 wa aina mbalimbali. Wengi wa waliokutwa wakiwa hai chini ya miti ni watoto walioshikilia maiti za mama zao, na watu wa kujitolea waliwabeba wakawalea kwa chupa.

Kisha ukaja moto wa mwaka 2019 na 2020. Picha ya koala aliyeungua ikizungushwa blanketi ilifika kila pembe ya dunia na michango ikamiminika, na mwezi Februari 2022 serikali ya Australia ikamtangaza kuwa yuko hatarini kutoweka katika Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu. Moto uleule uliunguza malisho ya popo. Sikumbuki kuona picha yake hata moja katika magazeti yetu. Na yule koala aliyenusurika atahitaji mikaratusi mipya iote pale palipoungua, miti ambayo baadhi yake itatokana na chavua iliyobebwa usiku na popo asiye na picha.

Msomaji anaweza kusema haya ni ya Australia, yametuhusu nini. Yanatuhusu kwa karibu. Kwanza, huku kwetu popo anafanya kazi ileile kwa miti mingine. Ua la mbuyu hufunguka jioni, ni kubwa, jeupe, linaning'inia kichwa chini na lina harufu nzito. Ni ua lililowekwa kwa ajili ya mgeni wa usiku. Mgeni huyo katika Afrika Mashariki ni popo wala matunda. Ule ubuyu wa rangi nyekundu tunaowanunulia watoto Zanzibar na Mombasa umepitia kwenye uso wa popo kabla ya kufika kwa muuzaji. Mvule nao, ambao mbao zake ndizo za milango na vitanda vya wazee wetu, mbegu zake husambazwa na popo wa rangi ya majani makavu anayehama nchi hadi nchi.

Pili, popo huyu wa Australia ana ndugu yake wa damu kwetu. Jamii yake imeenea kutoka visiwa vya Pasifiki, ikapita Asia ya kusini mashariki na India, ikaja Madagaska, Komoro, Mafia na Pemba, ikasimama hapo. Bara la Afrika hawapo kabisa. Mkondo ule mwembamba baina ya Pemba na Tanga, ambao popo mwenye mabawa ya zaidi ya mita moja angeweza kuuvuka kwa usiku mmoja, ndio mpaka wao. Yule wa Pemba hapatikani mahali pengine popote duniani. Ana manyoya mekundu ya kahawia, hula maembe, mashelisheli na matunda ya mikuyu.

Naye nusura atoweke. Misitu ya kisiwa ilikuwa imefyekwa sana, mikarafuu ikapandwa, na watu waliwinda popo kwa ajili ya nyama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliokwenda kumtafuta waliwaona wachache tu, na mwaka 1996 akawekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Kilichofuata hakikufanywa na askari wala bunduki. Idara ya misitu ya Zanzibar na wafadhili wake walikwenda vijijini kuzungumza na watu, wanavijiji wakaunda vikundi vya kulinda miti wanakolala popo, na wawindaji wengi wakaacha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 hesabu ilikuwa imepita 20,000, na mwaka 2008 akashushwa daraja mbili za hatari.

Lililonivutia ni kwamba hakuna aliyewaambia watu wa Pemba kuwa popo ni mzuri wa sura. Walielezwa anachofanya, wakaelewa. Anayetaka kuwaona aende Kidike, si mbali na Chake Chake, ambako wanakijiji wenyewe hupokea wageni na kuwaongoza hadi chini ya miti. Makundi mengine hulala katika msitu wa Ngezi, mengine kwenye mikoko, na mengine katika miti mikubwa ya makaburi ya zamani, ambayo watu wa kule hawaikati.